Filamu ya Kutomliza Rwegoshora

Mwalimu Evaresta alikuwa amechoka kiasi kwamba uchovu wenyewe haukumshangaza tena. Aliamka amechoka, akafundisha darasa la tatu amechoka, akarudi nyumbani kwake Isingiro amechoka. Mtu akimuuliza njiani habari za kazi, alijibu "nzuri" kabla swali halijaisha, ili apite. Usidhani alikuwa mtu wa kununa. Zamani mama huyu alikuwa na cheko ambalo jirani walilisikia toka upande wa pili wa kibanja, likipenya migomba na mibuni yote. Lakini tangu mumewe alipopata kiharusi, cheko lile liliwekwa mahali pamoja na vyombo vya wageni, na hakuna aliyelitoa tena.

Mumewe alikuwa Rwegoshora, Mhaya wa Muleba aliyeingia Kayanga angali kijana, kamera moja begani, akafungua studio ya picha karibu na stendi. Miaka ile, ukifunga ndoa Karagwe, ukibatiza mtoto, au ukimaliza kidato cha nne, ulisimama mbele ya pazia lake lililochorwa ngazi za jumba la kifahari ambalo hakuna mtu wa Kayanga aliyewahi kulikanyaga. Bei zake zilikuwa sawa na za wengine. Shida yake ilikuwa moja tu, hakujua haraka. Alikupanga, akakuinua kidevu kwa ncha ya kidole, akarudi nyuma ya kamera na kutulia huko hata jasho likaanza kukutoka, ndipo aseme, "Hapo hapo. Usipumue." Wengine walikaribia kuzimia. Watu wakambandika jina la Usipumue, na kadi moja ya harusi iliwahi kumfikia imeandikwa kabisa, Bwana na Bibi Usipumue.

Kisha simu zikaja, kila mtu akawa mpiga picha wa uso wake mwenyewe. Studio ikafungwa. Wakahamia Isingiro, Kyerwa, ambako Evaresta alikuwa amepangiwa shule, wakapanda kahawa na ndizi kama watu wengine. Lile pazia la ngazi likawa la kufunikia kahawa iliyoanikwa mvua ikinyesha ghafla.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno. Maneno yalibaki kama kumi hivi: maji, hapana, haya, moto, mama, na mengine yaliyokuja siku yanapotaka. Halafu kikamwachia kitu ambacho hakuwa nacho, nacho ni kilio. Rwegoshora, ambaye hakumlilia hata baba yake hadharani, sasa alilia kwa jambo lolote la huzuni. Tena hakikuwa kilio cha mtu analia, anapenga kamasi, yanaisha. Kilimkaba koo, kikambana kifua, pumzi ikakatika mpaka midomo ikabadilika rangi. Mara mbili walimkimbiza hospitali kwa gari la kukodi. Mara ya pili daktari alimvuta Evaresta pembeni.

"Mama, mambo ya huzuni yasimfikie. Kilio hiki kinampandisha presha. Ikipanda tena namna hii, mimi sikuahidi kitu."

Evaresta akayabeba maneno hayo mpaka nyumbani na kuyafanya sheria. Wageni wenye habari za misiba waliishia uani. Redio ilizimwa kabla ya matangazo ya vifo. Hata jogoo wa Pasaka alipelekwa kuchinjiwa nyumba ya pili, asisikike.

Nyumba ikawa salama, salama mno. Rwegoshora akabaki ameelekea ukuta. Kutwa nzima ukuta, na sahani ikirudi jikoni nusu, kisha robo, kisha kama ilivyokwenda. Binti yao Adventina, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, akatuma tivii ya kuchomeka flashi, akasema baba apate cha kutazama. Hapo ndipo hesabu ilipokuwa ngumu. Katika mwili ule macho ndiyo yaliyobaki mazima, na macho ya mpiga picha hayashibi chochote tu. Zilihitajika filamu za kupendeza kuzitazama, zenye mwanga, rangi na mahali pa kutulia, na ndani yake asife mtu, asiachwe mtu, asilie mtu. Ukisikia hivyo waona ni jambo dogo. Haya, jaribu wewe.

Kila Jumamosi, kama siku za shule, Prudensia, jirani yao, alikuja kukaa na mgonjwa, na Evaresta akapanda bodaboda mpaka Nkwenda. Pale karibu na soko palikuwa na kibanda cha Theoneste, mtu mzima mwenye watoto pacha, aliyeishi kwa kuingiza muvi kwenye flashi za watu. Evaresta alikuwa amemfundisha darasa la nne na alimkumbuka vizuri, maana insha zake zote ziliishia kwa kifo. Mwambie aandike kuhusu ng'ombe, ng'ombe atakufa. Mwambie aandike kuhusu likizo, bibi atakufa likizoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Theoneste. Nataka filamu nzuri ya kutazama. Isiwe ya huzuni."

"Ninayo. Nzuri sana, mwalimu. Mke wangu alilia siku mbili."

"Nimesema isiwe ya huzuni."

"Nawe umesema nzuri," alijibu Theoneste, na kwa kweli alionekana amechanganyikiwa. Kwake yeye, na kwa wateja wake wote toka Nkwenda mpaka mpakani, ubora wa muvi ulipimwa kwa machozi. Ile isiyoliza ilikuwa ya mapigano, na ile isiyo ya mapigano wala ya kuliza aliifuta ili kupata nafasi kwenye kompyuta.

Wiki ya kwanza alimpa ya Kihindi, yenye sari za rangi zote na maua mpaka ndani ya mto. Rwegoshora akageuka kutoka ukutani. Akatazama dakika ishirini, jicho linang'aa, na Evaresta akathubutu kwenda kupakua ugali. Aliporudi mama wa bwana harusi alikuwa anaungua moto. Alizima tivii kwa kung'oa waya. Wiki ya pili ilikuwa katuni, kwa kuwa katuni ni ya watoto na nani atawaumiza watoto? Kumbe wenye katuni hawana huruma hata kidogo. Kifaranga cha bata kilikuwa yatima kabla majina hayajamaliza kupita. Wiki ya tatu Prudensia mwenyewe alileta filamu ya dini, akasema neno la Mungu halimdhuru mtu. Walipofika Gethsemane, Evaresta alizima.

"Umemzimia Bwana Yesu?" Prudensia alishtuka.

"Najua mbele kuna nini, Prudensia. Nawe unajua."

"Lakini mgonjwa haulizwi uji, mama Adventina. Mpe tu, atazoea."

"Nikimpa huu atakufa."

Akakaa chini. Miguu ilikuwa inamuuma, na daftari arobaini na saba za darasa la tatu zilikuwa mezani zinamngoja. Alihisi uchungu ambao si wa mtu yeyote hasa. Watu wote duniani wenye kamera na fedha, aliwaza, wamekaa wakakubaliana kwamba kitu kikipendeza lazima kiue mtu ndipo kiitwe filamu.

Jumamosi ya tano Theoneste alimpokea akitabasamu. Alikuwa ametafuta kweli, hilo asinyimwe. "Mwalimu, hii hapa. Mzee mmoja wa milimani huko Asia anatengeneza miavuli ya karatasi. Anapaka rangi, anaanika, mvua inanyesha, basi. Hakuna bunduki wala mapenzi. Hata maneno hakuna, mtu anakohoa tu mara moja moja."

"Umeitazama yote?"

"Nimeirusharusha. Nililala."

Evaresta hakuwahi kufurahia jibu la mwanafunzi namna ile. Kama Theoneste alilala, basi hakufa mtu.

Jioni hiyo walikaa mbele ya tivii, jua bado lipo. Ikaanza. Mlima wa kijani ukatokea, ukungu ukiteleza chini kama asubuhi za Karagwe, kisha uwanja mzima wa miavuli imefunguliwa inakauka, nyekundu, ya manjano, ya samawati, na mzee mdogo mwenye kofia ya majani akipita katikati yake. Rwegoshora alisogeza kichwa mbele. Mkono wake wa kushoto ulikamata ukingo wa kiti. Evaresta, kwa mara ya kwanza katika miezi minane tangu kile kiharusi, akaegemea.

Ndipo ikaingia sauti ya DJ.

Asiyejua desturi hii aelezwe. Muvi za kigeni huku haziuziki hivi hivi. Hupelekwa kwanza kwa DJ, naye hukaa na kipaza sauti chake akazitafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, akiongeza chumvi na pilipili kwa kadiri ya kipaji chake. Hakuna ubaya. Lakini mpe DJ filamu isiyo na maneno afanyeje? Akae kimya? Naye ana watoto.

"Ndugu mtazamaji," ilisema ile sauti nzito, "mzee huyu unayemwona alikuwa na mke na watoto saba. Wote walichukuliwa na mafuriko usiku mmoja. Kila mwavuli unaouona hapo ni kaburi la mtoto ambaye..."

Evaresta alirukia waya, lakini alikuwa amechelewa. Kilio kilikuwa kimeshashika. Alimwinamisha mumewe kama daktari alivyomfundisha, akamsugua mgongo, akamwambia pumua, baba Adventina, pumua, waitu, mwenzangu, pumua. Robo saa nzima. Pumzi iliporudi, yeye mwenyewe alikuwa sakafuni, na Rwegoshora akageukia ukuta tena.

Jumatatu hakungoja Jumamosi. Alitoka shule, akapanda bodaboda na kuingia kibandani bila kusalimiwa.

"Nani amekufa?"

Theoneste akasimama. "Poleni sana, mwalimu. Nani?"

"Ndani ya filamu! Nionyeshe mahali watoto saba wanapokufa."

Wakaitazama pamoja, wawili hao, sauti imezimwa, wateja wakisubiri nje na flashi zao mkononi. Saa moja na dakika arobaini. Mzee akakata mianzi. Akapaka gundi. Punda akala majani. Theluji ikaja, ikayeyuka. Mwishoni akaja mwanamke wa makamo na watoto wawili wazima kabisa, akampelekea mzee chakula, wakala pamoja wakicheka. Mke hakuonekana, lakini kwenye kamba palikuwa na gauni la kike limeanikwa, na Evaresta alilitolea ushahidi kwa kidole.

"Yupo! Huyo anafua nguo, yupo!"

"Sasa mwalimu, DJ angesema nini?" Theoneste alijitetea. "Muvi nzima mtu anapaka gundi. Angesema 'anapaka gundi, bado anapaka gundi'? Ni lazima aue mtu kidogo."

"Wewe na yeye mlisoma darasa moja," alisema Evaresta. Alitaka kukasirika zaidi, akakosa nguvu. Theoneste akamtafutia nakala isiyo na DJ, akaipata kwa taabu, akamsindikiza hadi kwenye bodaboda akiwa ameshika mkoba wake kama enzi zile za shule.

Nyumbani ikaanza upya. Mlima, ukungu, miavuli. Kimya. Rwegoshora akageuka, akatazama, lakini haukupita muda akaanza kuhangaika kitini. Evaresta akadhani kimya kinamchosha, akachukua kazi ya DJ mwenyewe. Ni mwalimu, kusema si tatizo.

"Huu ni mwavuli mwekundu, unauona? Babu anachukua brashi. Sasa anapaka—"

"Hapana."

"Sio brashi?"

"Hapana!" Mkono wa kushoto ukainuka hewani. Midomo ikatafuta, ikakosa, ikatafuta tena. "Hapo... hapo."

Evaresta akaruka kutoka kitini. Akapiga magoti mbele yake. "Hapo wapi? Kifuani? Panauma hapa? Hapa?" Akambonyeza begani, ubavuni, akatafuta simu ya kumwita mwenye gari. Rwegoshora akamsukuma kwa mkono wake mzima, akimwondoa mbele ya tivii, na uso wake haukuwa wa maumivu. Ulikuwa wa hasira. Ni uso aliokuwa akiwapa maharusi wanaotikisika.

"Hapo hapo!"

Evaresta akabaki amepiga magoti. Aliwahi kuyasikia maneno hayo mara ngapi? Maelfu. Aliyasikia akiwa nyuma ya pazia anakunja vitambaa, akiwa na mimba ya Adventina, akiwa na njaa anangoja mume afunge studio waende kula. Akachukua rimoti na kubonyeza kitufe cha kusimamisha.

Picha ikatulia. Mzee katikati ya hatua, mguu mmoja juu, mwavuli wa manjano nyuma yake na mwanga umepita ndani ya karatasi. Rwegoshora akashusha pumzi ndefu. Akaitazama ile picha kuanzia kona hadi kona, bila haraka, taratibu kama alivyokuwa akitazama kila kitu. Chai ilipoa. Baada ya muda mrefu akasema, "Haya." Evaresta akaachia. Ikaenda sekunde sita, saba. "Hapo hapo." Akasimamisha.

Wiki zote hizi alikuwa akimlisha mtu huyu mambo yanayokimbia, na mtu huyu maisha yake yote alikuwa anasimamisha vitu. Hakumuuliza hata siku moja. Aliona aibu, akaimeza, maana aibu nayo inataka nguvu.

Ile filamu ya dakika mia moja iliwachukua wiki sita. Sahani zikaanza kurudi jikoni tupu. Theoneste alipoambiwa hakuamini, akaja mwenyewe Isingiro Jumapili moja na mkewe kushuhudia, akasinzia tena, lakini akaanza kuzitenga zile zenye picha nzuri badala ya kuzifuta. Sasa haikuwa na maana sana hata filamu ikiwa na msiba ndani. Ukiisimamisha kabla, na ukienda sekunde saba saba, msiba hukaa mbali kama mvua ya upande wa Uganda.

Usije ukadhani Evaresta alipumzika. Sasa kazi zake zilikuwa tatu: shule, shamba na rimoti, kwa kuwa Rwegoshora, kwa ule mkono mmoja, akitafuta kitufe picha aliyoitaka ilikuwa imeshapita. Alisahihisha daftari kwa mkono mmoja. Alimenya ndizi rimoti ikiwa mapajani. Hapo hapo. Haya. Hapo hapo. Kuna siku alitamani kuitupa chooni.

Jioni moja ya mwezi wa tisa alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, beseni la ndizi miguuni, kitambaa cha kichwa kimeteleza, mikono myeusi kwa utomvu. Jua lilikuwa linatua upande wa migomba na kumpiga usoni, na hakuwa na nguvu ya kulikwepa. Hakuwa akiwaza kitu. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya ganda.

"Hapo hapo," ilisema sauti ndani.

Akanyoosha mkono kwenye rimoti na kubonyeza bila kutazama.

"Hapana. Hapo hapo."

Akageuka. Tivii ilikuwa imesimama tangu zamani. Rwegoshora hakuwa anaitazama. Alikuwa anamtazama yeye, na kidole chake cha kushoto kilikuwa hewani, kinapanda juu kidogo kidogo, kama kinainua kitu kisichoonekana. Evaresta alichelewa kuelewa. Kisha akainua kidevu.

Kwa miaka thelathini ya ndoa mumewe alimpiga picha mbili tu, kwa sababu siku zote kulikuwa na wateja. Akanyooka mgongo. Alitaka kufuta mikono, kidole kikamkataza. Alitaka kuweka sawa kitambaa, kikamkataza tena. Midomo ya mumewe ikahangaika na neno ambalo halikuwa miongoni mwa yale kumi, neno ambalo halikuwahi kutoka tangu ule ugonjwa.

"Usi... usipu..."

"Sipumui," alisema Evaresta, akaibana pumzi.

Akakaa hivyo, jua usoni. Rwegoshora hakuwa na haraka. Alimtazama kuanzia kona hadi kona, ule uchovu wote, mikunjo, utomvu, kitambaa kilichoteleza. Hakuna aliyekuwa amemtazama mwalimu Evaresta tangu mwaka jana. Walikuwa wamemuuliza tu habari za mgonjwa. Kifua kilianza kumuuma kwa kukosa hewa, naye akavumilia. Hatimaye Rwegoshora akafumba macho yote mawili, polepole, akayafumbua.

Pumzi ilimtoka Evaresta, ikatoka na machozi, mengi, yakadondokea ndani ya beseni la ndizi, na kwa mikono ile ya utomvu hakuweza hata kuyafuta. Kwa hofu ya mazoea akainua kichwa haraka kumwangalia mumewe, kama midomo imebadilika rangi, kama kilio kimeshamshika. Hakikuwa kimemshika. Macho yake yalikuwa makavu. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo, kama fundi aliyeridhika na kazi.

"Haya," alisema Rwegoshora, akarudisha macho kwenye tivii.